Siku Breki Zilipokunywa Maji

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinichukua kwa gari lake twende Kampemba kumwona binamu yangu mgonjwa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na karibu na soko maji yalikuwa yamejaa barabarani kama bwawa. Kijana akapita katikati bila wasiwasi, maji yakaruka pande zote mbili, wachuuzi wakatutukana, yeye akacheka. Tulipotokea upande wa pili akaongeza mwendo. Na mimi, mwanamke mzee niliyetulia na mkoba wangu mapajani, mguu wangu wa kulia ukakanyaga sakafu wenyewe, ukakaza hapo mpaka goti likauma.

"Kambo, uko na shida?" akaniuliza.

Nikasema sina. Ningeanzia wapi? Lakini wewe, rafiki yangu, una muda. Kaa nikusimulie.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, na Lubumbashi yetu Wazungu walikuwa wakiiita Élisabethville. Baba alikuwa dereva wa Mzungu mmoja muuza vitambaa. Mzungu huyo alipochoka na kurudi kwao, alimwachia baba gari lake kuukuu, lenye rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Motokari, ndivyo tulivyoliita. Katika mtaa wetu mwenye baiskeli alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Siku baba alipoingia na motokari, watoto walikimbia nyuma yake wakipiga kelele, na wanawake waliacha sufuria zao motoni wakatoka kutazama.

Baba peke yake hakucheka. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akasimama kuliangalia lile gari kama mtu aliyeletewa ng'ombe mkali nyumbani. Sababu sikuijua mpaka mama aliponiambia. Dereva mwenzake, mtu waliyekula naye bukari, ugali wetu, sahani moja miaka mingi, alikuwa ameanguka na lori kwenye daraja la magogo, na baba alikuwa miongoni mwa waliomtoa. Usukani ulikuwa umemwingia kifuani. Baba hakutusimulia habari hiyo hata mara moja, ila ilikuwa ikitembea naye, na ikaingia ndani ya nyumba yetu pamoja na gari.

Kwa hiyo utoto wangu una harufu mbili zilizochanganyika: harufu ya sombe ya mama, majani ya muhogo, ikichemka na karanga juu ya makaa, na harufu ya esansi, petroli, mikononi mwa baba. Kila Jumamosi akitoka kazini alivua shati na kupiga magoti. Aligusa matairi moja moja kwa kiganja, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Maji ya rejeta aliyaongeza asubuhi tu injini ikiwa baridi, kwa sababu jirani yetu, fundi wa karakana ya reli, alikuwa na kovu la kuungua kuanzia shingoni mpaka sikioni, na alituonyesha kovu hilo kila alipotukuta tukisogea karibu.

Huyo jirani alikuwa mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa kusali kwa sauti, na ndiye mwalimu wa baba katika mambo ya vyuma. Maneno yake nayakumbuka kuliko katekisimu. "Manivele haina rafiki," alisema, akimaanisha kile chuma cha kuzungushia injini asubuhi za baridi, mwezi wa sita, mikono ikiwa imekufa ganzi. Alimkataza baba kukikumbatia kwa kidole gumba, maana injini ikipiga kinyume inavunja mkono. Na neno lake kubwa lilikuwa juu ya breki, ambazo sisi tuliziita fren: "Fren ikikunywa maji, inalewa. Uikaushe mbele ya kuitumaini."

Tulijifunza kuogopa kwa majira. Kiangazi tuliogopa vumbi na moshi. Lori likitupita, barabara yote iligeuka ukuta mwekundu, na baba alisogea pembeni akasimama, akangoja mpaka auone tena mti wa mbele. Nyasi zikiwaka moto kando ya njia, tulifunga vioo na kukaa kimya tukitokwa jasho, mama akihesabu rozari. Masika tuliogopa matope na maji. Kila tukivuka maji, baba alikwenda polepole kwa gia ndogo huku akikanyaga breki kidogo kidogo, ili zipate joto na kukauka. Kazi hiyo ilihitaji watu wawili, nami nilikuwa wa pili. Nilikaa kiti cha nyuma, na magurudumu yakitoka tu majini nilisema, "Papa, fren!" Naye alijibu, "Fren, mama." Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake. Ulikuwa mchezo wetu, ingawa wote wawili hatukuucheza kwa kicheko.

Sasa, masika moja, siku ya Jumapili baada ya misa ya alfajiri, mfanyakazi mmoja wa reli alitufikia mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Kambove, kwao mama. Alisema bibi yangu, mama yake mama, amelala siku ya tano, hali chakula, na anamtaja mama usiku na mchana. Treni ya abiria ilikuwa imeshaondoka. Nyingine ilikuwa baada ya siku mbili.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Baba akatoka nje, akatazama mawingu yaliyokuwa yamejikusanya meusi juu ya bomba la moshi la kiwanda, akarudi ndani.

"Mvua iko nakuya," alisema. "Tungoje kesho asubuhi."

"Mama yangu iko nakufa, na weye uko naangalia mawingu?"

"Niko naangalia balabala. Na tumbo yako."

"Tumbo ni yangu. Twende."

Tulienda. Mama alikaa mbele na kitenge amejifunga chini ya tumbo, mimi nyuma na kapu la unga na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Mvua ilitukuta kabla mji haujapotea nyuma yetu. Unajua mvua yetu ilivyo: hainyeshi, inamwagwa. Barabara ya udongo mwekundu ikawa uji. Baba alishika usukani kwa mikono miwili na kutembea mwendo wa baiskeli, pua yake karibu inagusa kioo. Mama alivumilia saa ya kwanza. Saa ya pili akasema, bila kumtazama:

"Kama angekuwa mama yako, ungeendesha vile?"

Baba akafuta kioo kwa kiganja. Niliona shingo yake ikikaza. Mama akaanza kulia kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na mimi nyuma nikalia kwa sababu yeye analia.

"Nyamazeni bote!" baba akapiga kelele. "Sitaki kusikia muntu. Hata mumoja!"

Ndipo tukafika kwenye kijito kilichokuwa kimefunika daraja lake. Baba alivua viatu, akavuka kwanza kwa miguu na fimbo mkononi, akipima. Maji yalimfika magotini. Akarudi, akaingiza gia ndogo, tukavuka bila yeye kuinua mguu kwenye mafuta. Maji yaliingia kwa chini, yakapanda mpaka vifundo vya miguu yangu, ya baridi na mazito, yamebeba majani. Gari likakohoa, likapanda, likatoka.

Na baba akaongeza mwendo.

Nilingoja aanze kukanyaga breki kidogo kidogo. Hakukanyaga. Labda bado alikuwa anasikia lile neno la mama, sijui. Nilijua kabisa nilichopaswa kusema. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka ukali wa sauti yake, nikaufunga. Mpaka leo nasikia ladha ya maneno yale mawili niliyoyameza.

Barabara ilipinda, nyasi ndefu zikafunguka, na mbele yetu kukawa mteremko mrefu. Chini kabisa, reli ilikata njia. Hapakuwa na mlinzi wala kizuizi, ubao mmoja tu uliopakwa chokaa. Na upande wa kushoto, juu ya miti, moshi mweusi ulikuwa unakuja.

Baba akakanyaga. Mguu wake ulishuka mpaka mwisho. Akakanyaga tena. Gari halikusikia.

"Fren hakuna," alisema. Alisema polepole, kama anayezungumza peke yake, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

Akavuta breki ya mkono, ikaja yote bila kushika kitu. Akapigana na gia. Chuma kikalia chini yetu, mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikaingia, na injini ikapiga yowe. Mwendo ukapungua, lakini matope yalitubeba. Treni ikapiga filimbi. Ilikuwa imetuona. Upande mmoja wa njia palikuwa na korongo, upande mwingine ukuta wa udongo uliochongwa na watengeneza barabara.

"Jilazeni! Mama ya batoto, shika tumbo!"

Akalilaza gari kwenye ule ukuta. Sikujua kwamba chuma kinaweza kulia vile. Udongo ukaingia kwa dirishani, kioo kikapasuka, kapu likafunguka na unga ukanifunika kichwa kizima. Tukaburuzwa, tukaburuzwa, kisha gari likainama upande mmoja na kukwama. Nilipoinua kichwa, treni ilikuwa inapita mbele ya pua yetu. Ningeweza kuhesabu misumari ya mabehewa. Mawe ya shaba yalikuwa yamejaa juu, mvua inatiririka rangi ya kijani, na ardhi ilitetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Kwenye behewa la mwisho alisimama mfanyakazi mmoja. Alituangalia, akavua kofia yake, akaishika kifuani mpaka mti ukamficha.

Kisha ikabaki mvua juu ya bati.

Baba alikuwa bado ameshika usukani. Vidole vyake vilikataa kufunguka. Mama akageuka, shavu lake lina damu kidogo, akaanza kuvifungua kimoja kimoja.

"Niangalie," alimwambia. "Tuko bazima."

"Na mutoto?"

Mama alichukua ule mkono alioukomboa, akauweka tumboni, akaushikilia hapo. Tulingoja. Sijui tulingoja muda gani.

"Sikia," mama akasema. "Anacheza."

Baba akatoka nje, akasimama kwenye nyasi, uso juu. Aliporudi alikuwa ameosha uso kwa mvua. Akazunguka gari, akanyoosha kwa mikono bati lililogusa gurudumu, akalifunga kwa waya. Halafu akafungua mlango wangu. Akanipangusa unga usoni kwa kiganja chake chenye oili, akanipaka weusi badala yake.

"Uliona kama sikukausha fren?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilidhani atanipiga.

"Siku ingine ukiona kitu, sema. Hata mie mwenyewe nikikukataza, sema."

Akachimbua udongo chini ya magurudumu, akatandika matawi, gari likatoka, tukaendelea. Alikausha breki hatua kwa hatua, akazijaribu, akazijaribu tena, na pale kwenye reli alizima injini, akashuka, akasimama katikati ya njia, akatega sikio pande zote mbili kabla ya kutuvusha. Mama hakusema neno juu ya mwendo.

Tuliingia Kambove jua likizama. Bibi alikuwa hai. Alimtambua mama, akamshika kidevu, akanywa uji vijiko viwili ambavyo alikuwa amewakatalia watu wote. Alikufa siku ya nne, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya binti yake. Mama alisema maisha yake yote kwamba safari ile ilimlipa. Na mdogo wangu alizaliwa mjini baada ya miezi miwili, mtoto mwenye sauti kubwa kupita wote waliokuwa wodini siku ile.

Baba aliendesha lile gari miaka mingine sita. Hakuna siku aliyovuka reli bila kushuka na kusikiliza, hata reli za ndani ya mji, hata Wazungu wakimpigia honi na matusi nyuma yake. Watu walimcheka. Sisi hatukumcheka.

Alipozeeka, macho yameanza kuingia ukungu, nilimwuliza kama siku ile aliogopa. Alisugua magoti yake.

"Nilitaka kufunga macho," alisema. "Mguu ulipofika chini na motokari ikakataa, nilitaka tu kufunga macho, iishe. Halafu nikakuona mu kioo ya kuangalia nyuma. Ulikuwa unaniangalia mie, haukuangalia treni. Sasa ningefunga namna gani?"

Hakuna tena hata mmoja wao. Jirani fundi amezikwa kwao kaskazini, mama na baba wamelala ubavu kwa ubavu, na mdogo wangu naye alinitangulia. Barabara ya Likasi, ile tuliyopita siku ile, siku hizi ina lami, malori yanapita usiku na mchana, na ule mteremko niliutafuta mara moja nisiuone. Labda waliukata, labda ni mimi niliyekuwa mdogo. Watoto wangu wananiambia kwamba maisha yale yalikuwa ya hofu tupu. Ni kweli, tuliogopa mvua, vumbi, moto, chuma, hata kimya cha baba. Lakini tuliogopa pamoja, tumebanana ndani ya boksi moja la bati, kila mmoja akijua pumzi ya mwenzake. Siku hizi nikiogopa, naogopa peke yangu.