Marehemu Aliyeingia na Ufunguo Wake

Wateja walimwita Kope, kwa sababu kila uso aliouchora ukutani aliumalizia kwenye kope, akiwa amebana pumzi. Mwanamke huyo alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo: kuta za zahanati, za shule za watoto, za saluni, na siku hizi hata sebule za watu.

Bei yake haikuwa siri. Alipima upana na kimo, akazidisha, kisha akagonga ukuta kwa kidole kusikia kama lipu imeshika, maana ukuta mbovu hunywa rangi. Kazi ya kupanda ngazi ilikuwa na nyongeza. Uso wa mtu nao ulikuwa na bei yake peke yake. "Ua ukilikosea linabaki ua," alisema, "lakini pua ya mtu ukiikosea ni kesi."

Wafiwa tu ndio hawakulipia uso. Dada yake mkubwa alipofariki, Kope alimchora chumbani kwa mama yao, na mama aliyekuwa amekataa chakula akaanza kula tena. Tangu hapo, aliyeleta picha ya marehemu alilipia ukuta tu, karibu nusu ya bei.

Ndipo akaitwa na muuza vipuri vya magari mmoja. Bwana huyo alimwonyesha ukuta wa sebuleni unaotazamana na mlango, halafu akatoa picha ya mwanamke mwenye kidoti juu ya mdomo.

"Mke wangu," alisema. "Alitutoka mwezi wa pili."

"Pole sana, kaka."

"Nimeshapoa. Nasikia wafiwa mnatufikiria."

Kope akasema ndiyo, uso haulipiwi. Yule bwana akainama, akafuta macho. Kwa kumwonea huruma, Kope akajikuta anamsimulia habari za dada yake, hata mambo ambayo hakuwahi kumsimulia mumewe mwenyewe. Wakalia wote wawili, kila mtu na leso yake, kisha wakapatana bei.

Siku ya tano ya kazi, asubuhi, mwenye nyumba alitoka kununua mkate. Kope alikuwa juu ya ngazi, ameshafika kwenye jicho la kushoto, aliposikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Hakugeuka, akidhani ni mwenye nyumba. Lakini kikohozi kilichofuata kilikuwa cha mwanamke, ndipo akatazama.

Liliingia sanduku la safari, na nyuma yake mwanamke mwenye kidoti juu ya mdomo.

Kope alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Brashi ilimponyoka, mguu ukakosa kidato, akateremka akiburuza tumbo kwenye ngazi mpaka akakaa chini katikati ya mikebe.

Mgeni naye alikuwa ameganda, macho ukutani.

"Dada, wewe ni nani?" aliuliza mwishowe.

"Fundi wa picha."

"Na huyo?"

"Ni marehemu mke wa mwenye nyumba," Kope alisema.

"Alikufa lini?"

"Niliambiwa mwezi wa pili."

Mwanamke akakaa polepole juu ya sanduku lake. "Mwezi wa pili nilikuwa kwetu namuuguza mama. Kila jioni tulikuwa tunaongea kwenye simu."

Muuza vipuri akaingia na mkate kwapani. Aliwatazama mmoja mmoja, akauweka mkate mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Mke wangu, si ulisema Jumamosi?" alisema. "Nilitaka ukirudi ujikute umepambwa ukutani. Sasa, bei ya uso..."

"Umeniua ili upunguziwe."

"Nusu ya bei, mama watoto. Halafu si tutakufa sote?"

Mwanamke akamgeukia Kope. "Bei ya mtu mzima ni ngapi?" Kope akaitaja. Mume akapigiwa hesabu saa ile ile, akatoa yote. Picha ikamaliziwa, mwenye uso akiwa amekaa palepale kuhakikisha.

Kope alirudi nyumbani, na kwa wiki nzima hakuweza kuchora mstari ulionyooka. "Pesa imerudi," alimwambia mumewe. "Ila yule mtu alimlilia dada yangu. Machozi yale aliyatoa wapi?"

Mwezi uliofuata baba mmoja alileta picha ya binti yake. Kope akajisikia akimuuliza binti aliugua nini, hospitali gani, amezikwa wapi. Yule baba alijibu yote taratibu, bila kukasirika, na Kope akashikwa na aibu iliyomfanya ashindwe kumtazama usoni.

Siku hizi anataja bei moja kwa kila mtu. Kazi ikiisha, akiwa ameshakaa na watu wa nyumba hiyo na kuwafahamu, ndipo anapowarudishia wafiwa bei ya uso, wala haulizi mtu swali lolote.