Mama Kioo Asubiri Vibati Vyeusi

Saa tatu asubuhi, fundi wa mitambo anafungua kifuniko cha jungu la chuma katika maabara ya kupima kutu. Mama Kioo amesimama kando, mkono wa kulia ameuficha nyuma ya koti lake jeupe.

"Fungua basi, kaka, roho isije ikanitoka hapa," anasema.

Ndani mna vibati vya aloi ya zirikoni, mchanganyiko wa metali wa kutengenezea mirija inayoshika fueli kwenye vinu vya nyuklia. Vimekaa siku kadhaa katika maji ya moto mkali, chini ya shinikizo. Vikitoka vyeusi na kung'aa, ni salama. Vikitoka na madoa meupe, aloi ina kasoro, au aliyevisafisha alizembea.

Aliyevisafisha ni Mama Kioo. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hung'arisha kibati mpaka unaweza kujitazama ukachana nywele. Hatua ya mwisho ndiyo kazi: kibati huchovywa kwenye asidi, kisha hutumbukizwa majini papo hapo. Ukichelewa kidogo tu, doa litakuumbua jungu likifunguliwa.

"Utando ule mweusi unaojijenga juu ya kibati ndio ngao," anaeleza mtafiti mkuu, bosi wake. "Chembe zake zikisimama wima, zimebanana, maji yanapenya kwa shida sana. Zikipasuka, utando unakuwa mweupe na kubanduka."

Mwaka jana Mama Kioo alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Bosi alimshikia nafasi yake mpaka jaribio hili. Likiharibika, atahamia stoo.

"Kuhesabu glavu! Mimi?" anasema. "Ningenyong'onyea jamani."

Mumewe, dereva mstaafu, ndiye aliyegeuza sebule kuwa maabara: mabeseni mawili ya maji, koleo, na vijiko vyote vya nyumba. Kila jioni mkewe akichovya kijiko na kukihamishia beseni la pili, yeye alipiga kelele: "Umechelewa! Hicho kimeshaungua!"

"Nilimsema vibaya, Mungu anisamehe," anacheka Mama Kioo, machozi yakimlenga. "Bila yule mzee, mkono huu ungekuwa pambo. Namshukuru sana. Na hawa wenzangu, walionibebea chupa nzito bila kunifanya nijione mzigo, nawashukuru mno."

Fundi anatoa kibati cha kwanza. Cheusi. Anatoa na vingine, anavipanga mezani. Mtafiti anavigeuza chini ya taa, upande huu na huu.

"Safi," anasema hatimaye. "Mwezi ujao inakuja aloi mpya, Mama. Ni yako."

Mama Kioo anautoa mkono mafichoni na kupiga simu nyumbani. Miezi yote hiyo huko wamekuwa wakikoroga chai kwa uma.

"Mume wangu, vyeusi vyote! Na nimepewa aloi mpya. Rudisha vijiko jikoni."

Mzee anavuta kamasi, anakohoa.

"Narudisha kimoja, cha chai yangu," anajibu. "Vingine vibaki kwenye beseni. Hiyo aloi mpya inataka mazoezi."