Mshika Taa

Shangazi yangu hasahau. Ukimkanyaga mguu leo atacheka, atakutilia chai, atauliza hali ya mama yako. Kisha ngoja siku utakayovaa viatu vipya.

Ni fundi bodi. Gari lililooza ubavu analikata pale palipooza, anachomelea bati jipya, halafu anasaga mshono kwa grenda mpaka kidole chako kisijue la zamani limeishia wapi na jipya limeanzia wapi. Alianza na grili za madirisha kwa babu, aliyemfundisha yeye kwa sababu watoto wa kiume, baba yangu akiwa mstari wa mbele, waliogopa moto. Mikono yake ina madoa ya cheche, madogo na meupe, kama mtu aliyemwagiwa chumvi ikakataa kutoka.

Kisha akaolewa na mdomo.

Nyuma ya mdomo huo palikuwa na mwanamume, naye fundi bodi, niliyekuwa namwita Mjomba mpaka talaka iliponipunguzia ukoo. Mtaani walimwita Puti. Puti ni lile tope zito la kijivu linalopakwa juu ya bati kufuta vibonde kabla ya rangi. Fundi mzuri anaipaka kama mafuta ya uso. Huyu bwana aliipaka kama mtu anayejenga ukuta na ameona mvua inakuja.

Wakiwa bado mke na mume waliokota pikapu kuukuu nyuma ya ghala, ya zile zenye madigadi yaliyotuna kama mashavu ya mtu anayepuliza jiko. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Wakaamua kuiunda upya, bodi nzima. Na kwa kuwa hawakuweza kufanya kazi sehemu moja bila kutukaniana wazazi, waligawana gari: Shangazi upande wa kushoto, mumewe upande wa kulia. Ilipotoka kwenye rangi, nyekundu ya kukomaa, mtaa mzima ulisimama. Mteja aliyekuja kuinunua akapitisha kiganja ubavuni, upande wa kushoto, taratibu kama anayempapasa farasi.

"Nani kaifanya kazi hii?"

"Mimi, bwana," Puti akajibu. "Huyu mke wangu alikuwa ananishikia taa."

Wakapigwa picha, yeye na mteja na pikapu. Shangazi aliombwa asogee kidogo, anaziba boneti.

Talaka ilipokuja, Puti alibeba mashine ya kuchomelea, pampu ya rangi, kibao cha mlangoni na wateja. Akamwachia taa ya mkononi, ile ya kizimba cha waya na kamba ndefu. "Chukua hii. Ndiyo kazi unayoijua."

Shangazi aliitundika kwenye msumari juu ya meza ya kazi, na hajawahi kuitumia. Mimi nilipokuja kufanya kazi kwake, baada ya kuachana na diploma katikati (tuliachana kwa amani, kila mmoja akaendelea na maisha yake), siku ya kwanza niliinyooshea mkono ile taa.

"Iache."

"Kwani mbovu?"

"Nzima. Inamsubiri mwenyewe."

Nilidhani ni utani. Sikuwa nimemjua bado.

Basi pikapu ikarudi. Ilikuwa imepita mikono mingi, na sasa ni ya daktari wa meno, mtu mpole mwenye sauti ya kukuambia hutasikia maumivu. Hakuwa na habari za nani na nani. Aliambiwa tu kwamba kuna mwanamke anayejua bati. "Upande wa kushoto uko sawa," akasema. "Wa kulia unapasuka rangi na kuvimba. Naomba uutazame."

Shangazi akaizunguka pikapu mara moja, mikono nyuma, kama mama mkwe kwenye jiko la mkwewe. Akatoa sumaku mfukoni. Upande wa kushoto iling'ang'ania bati kama mtoto shingoni. Upande wa kulia ikadondoka. Akaijaribu juu, ikadondoka. Akaijaribu chini, ikadondoka. Pale ndipo nilipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Lete grenda," akaniambia. "Polepole. Nataka kuona kila kitu."

Nikasaga. Cheche hazikutoka, lilitoka vumbi la kijivu. Kufika katikati ya ubavu lile vumbi likageuka buluu na likaanza kunuka mpira unaoungua. Nikazima. Ndani ya puti, palipokuwa na tundu kubwa la kutu, kulikuwa kumeshindiliwa kitu. Shangazi akakwangua kwa bisibisi. Kikatokeza kisigino, kisha ukanda.

Kandambili. Ya buluu. Ya mguu wa kushoto.

"Hii ni yangu," akasema polepole. "Nilimtukana jirani wa nyumbani, nikamwita mwizi, kwa hii kandambili. Mpaka leo hatusalimiani."

Daktari wa meno aliinama akachungulia kwa muda, kitaalamu. "Mimi kuziba matundu ndiyo kazi yangu," akasema. "Lakini hata mimi huwa natoa kwanza kilichooza. Na sijawahi kumwekea mtu kiatu."

Lile bati la ubavu tulilikata likiwa zima, na puti yake, na kandambili yake. Kulinyanyua tulikuwa wawili na tulitweta. Shangazi akalitundika kwenye geti la gereji, upande wa barabarani, kiatu kikiwa kimechomoza katikati kama ulimi. Hakuandika neno. Hakukuwa na haja, maana jirani yetu ni kinyozi, na kinyozi hawezi kunyoa mdomo umefungwa. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kiliinuka kimepungua nywele na kimeongezeka habari: bati lile la nani, nani alilitengeneza, na taa ilishikwa na nani.

Habari zikamfikia Puti, na jibu lake likaturudia kupitia duka la vipuri. Alikuwa amesema mbele ya mafundi wenzake: "Mwacheni atundike. Kutundika anajua, na kushika taa anajua. Ila huo ubavu mpya hatauweza. Mtaniambia."

Niliyesikia ni mimi, na niliyepeleka ni mimi. Shangazi akainuka. Akavaa kofia ya kuchomelea, akaishusha usoni, akawasha mashine.

Hapa niwaeleze kitu kimoja, kwa sababu kila kitu kinageukia hapo. Bati la gari ni jembamba. Ukilichomelea mshono mrefu kwa mkupuo, joto linajaa, bati linatanuka na halina pa kwenda, basi linajikunja. Ndiyo maana unapiga nukta moja mbele, unaruka unapiga nyingine nyuma, nyingine katikati, na kila baada ya nukta unangoja bati lipoe. Unaligusa kwa mgongo wa mkono. Likiwa bado lina moto, unakaa. Ni kazi ya kukaa zaidi ya kuchomelea. Shangazi ndiye aliyenifundisha hivyo, kwa matusi.

Siku ile hakuruka na hakungoja. Alianzia nyuma ya mlango akaenda mpaka mkiani, mstari mmoja, mwanga mmoja, kama anayemchana mtu. Alipoinua kofia jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni na ubavu mpya ulikuwa umepinda mawimbi. Nikaubonyeza huku, ukatokea kule: tok! Nikabonyeza kule, ukarudi huku: tok! Hata kinyozi alizima mashine yake akachungulia.

Shangazi alikaa juu ya tairi. Siku ya daktari kuja kuona kazi ilikuwa kesho yake, na bati la akiba lilibaki moja tu. Alitazama ule ubavu, akatazama geti, akatazama mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena:

"Nenda kaniletee puti."

"Shangazi?"

"Umesikia."

Nikaenda. Ungefanyaje? Asubuhi iliyofuata nilimkuta amefungua kopo, kipande cha plastiki cha kupakia kiko mkononi, tope la kwanza limechotwa. Alikuwa amesimama mbele ya lile wimbi, mkono juu, haushuki. Na hapo ndipo geti likalia.

Puti mwenyewe. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akaona ubavu. Akaona kopo. Mungu akimpenda adui yako, humpangia saa nzuri.

"Ahaa!" Alipiga makofi. "Mke wangu wa zamani! Kumbe tulisoma shule moja! Hilo kopo dogo, mama. Nyuma ya gari langu nina debe. Na ukipungukiwa kiatu..." akainua mguu, "sema tu."

Nilitamani kumpiga na grenda. Shangazi akateremsha mkono. Akafuta kile kipande cha plastiki kwenye ukingo wa kopo, akarudisha kifuniko, akakigongelea kwa ngumi.

"Umefuata nini?"

Kicheko kikapungua. "Lile bati. Lishushe. Mambo ya ndani hayo, unayaweka barabarani kwa faida gani? Mteja ananiletea gari, anashuka, swali la kwanza navaa kiatu namba ngapi."

"Nikilishusha, unaondoka nalo?"

"Naondoka nalo. Usinione tena."

Shangazi alitazama lile bati kwa muda. Mimi najua alivyolipenda. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akaitoa taa kwenye msumari, akaipuliza vumbi.

"Sawa. Nishikie taa kwanza."

"Nini?"

"Nachomelea ubavu. Ukinishikia taa mpaka mshono uishe, bati lako. Ukiiweka chini kabla, linabaki pale mpaka kandambili ipate mvi."

Niliona hesabu zikipita usoni mwake. Yeye mshono kama ule huumaliza kwa muda wa kuvuta sigara. Akatazama nje, akamwona kinyozi tu. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaichukua taa.

Masikini.

Kwanza Shangazi akaukata ule ubavu uliopinda, wote, mbele yake. "Huu umeupinda wewe," akamwambia. "Nilikusikiliza, nikauharibu. Leo sikusikilizi." Tukalikata bati la mwisho, tukalipima, tukalisaga kingo, tukalipima tena. Puti kashika taa. Kisha akapiga nukta ya kwanza, chini ya dirisha. Akainua kofia. Akaweka mgongo wa mkono.

"Bado lina moto," akasema, akaketi juu ya tairi.

"Sasa?"

"Sasa tunangoja."

Nukta mkiani. Kungoja. Nukta katikati. Kungoja. Kinyozi alihamishia kiti chake barabarani, eti ndani hakuna hewa, na vichwa vilivyokuja kunyolewa vikakaa kutazama. Mwanamke wa duka la pili akaja na kigoda chake.

"Inua taa," Shangazi akasema.

"Mkono unauma."

"Badilisha mkono. Kushoto kidogo. Sio huko, mume wangu wa zamani, kushoto. Upande wangu unausahau?"

Watu wakacheka. Jasho lilikuwa limemaliza kazi ya pasi.

Adhuhuri daktari akaja, kama alivyoahidi. Akapitisha kidole kwenye nukta, akaubonyeza ubavu. Haukulia. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akamgeukia yule mtu aliyelowa, mwenye vumbi mpaka kwenye kope.

"Na huyu bwana ni fundi mwenzako?"

Nilizima grenda nisikose neno. Barabara nzima ilizima grenda yake. Shangazi hakuharakisha. Alivua glavu moja, akavua ya pili.

"Huyu?" akasema. "Huyu ananishikia taa."

"Oh, vizuri," daktari akamwambia kwa upole wote wa kazi yake. "Shika vizuri basi, ndugu. Bila mwanga hakuna kazi."

Kinyozi alilazimika kukaa chini.

Na bado mshono haukuwa umefika nusu! Shangazi angeweza kumwachia aende, alichokitaka amekipata. Hakumwachia. Walikwenda nukta kwa nukta mpaka nukta zikagusana, na mimi nikausaga mshono, akanishikia taa na mimi. Nilisaga kwa utulivu mkubwa. Nilisaga sehemu ambazo hazikuhitaji kusagwa.

Ulipokwisha, ubavu wa kulia ulikuwa umenyooka kama wa kushoto. Shangazi akaichukua taa, akaelekea getini, tukalishusha bati pamoja. Neno lake ni neno. Ila kabla hajaliachia alishika ile kandambili kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye bati, akaing'oa pamoja na bonge la puti.

"Hii ni yangu."

Puti akalitazama lile bati la wimbi lililotupwa ukutani. Alikuwa bado na kipande kimoja cha mdomo. "Na lako je? Lako utalitundika?"

"Nitaezekea choo. Nikiingia niwe nakukumbuka."

Bati halikuingia kwenye gari lake. Alijaribu mlango wa nyuma, akajaribu buti, akaishia kulibeba mgongoni huku anatweta, viatu vinavyong'aa, barabara nzima. Kila alipokanyaga vibaya kipande cha puti kilidondoka, na kinyozi alimwita kwa adabu: "Bwana! Umeangusha ubavu!"

Jirani aliyetukanwa kwa ajili ya kandambili aliletewa ushahidi mlangoni, na siku hizi wanasalimiana, kidogo. Taa imerudi kwenye msumari wake, na ukiigusa bado unafukuzwa. Shangazi anasema mtu huyo ana mdomo, na mdomo huota tena.

Lile bati la wimbi kweli liliezekea choo cha gereji. Jua likikolea linajibu lenyewe: tok! Mteja anashtuka, anauliza ni nini hicho juu ya choo. Shangazi haachi hata kuchomelea.

"Hasira zangu," anasema. "Zimewekwa mahali pake."