Ndala za Bruda wa Hesabu

Bruda anayefundisha hesabu katika shule yetu ya wavulana hapa Bunju ni Mtamili wa India kusini, na huko kwao Mkatoliki haingii kanisani na viatu. Kila alfajiri anavua ndala mlangoni, anazipanga sawasawa, anaingia peku. Mwalimu Gervas aliwahi kumnong'oneza, "Bruda, hapa siyo msikitini." Akajibu, "Najua, Mwalimu," akaendelea kuvua. Mie mpishi wao, nimeshamzoea. Hata chai anaipoza kwa kuimimina kikombe hiki kwenda kile, mkono juu kabisa, na tone halidondoki.

Jumanne alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Akamaliza vipindi vyake vinne, akasahihisha madaftari, ndipo akaenda kanisani kupiga magoti. Habari ikaenea shule nzima, na jioni, saa ya rozari, wavulana mia tatu wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu. Viatu vyeusi vitupu, vya aina moja, kama mzigo wa mtumba umefunguliwa. Harufu sitaielezea.

Rozari ikaisha, wakaanza kutafutana na viatu, na ugali wangu unapoa. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi, nimejiandaa kuwafokea. Nikamkuta Bruda kakaa kwenye ngazi, anaoanisha viatu kwa namba, machozi yanadondokea kanzu.

"Pole, Bruda," nikasema.

"Asante, mama. Hiki cha kulia ni saba. Cha kushoto kiko wapi?"

Nikaweka mwiko chini, nikakaa kukitafuta.