Nilijaza Gundi Kwenye Bushi za Gari, Lawama Zikamwangukia Mchumba Wangu

Kosa ni langu, na ninaliandika hapa kwa sababu nyumbani nimeshalisema mpaka wamechoka kulicheka. Nilimwacha mwanamume ninayempenda alaumiwe mbele ya wazee kwa ujinga nilioufanya mimi mwenyewe, nikiwa nimelala chali chini ya gari, nikiimba.

Nisikilizeni kwanza, halafu mnihukumu.

Nina Probox kuukuu. Inabeba chochote, ila ilikuwa na aibu moja. Kwetu ni Zombe, na kufika nyumbani lazima uvuke mto mkavu wa mchanga, kisha upande kilima kifupi cha kokoto. Hapo kilimani, ukikanyaga mafuta, magurudumu ya mbele yalianza kurukaruka badala ya kushika ardhi. Du-du-du-du! Gari zima linadunda palepale na haliendi popote. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kutazama.

Mchumba wangu, nitamwita Mutinda, aliniambia bushi zimeisha, yaani ile mipira inayoshikilia mikono ya magurudumu isichezecheze. Nunua mpya, akasema, mambo yaishe. Nikamuuliza ushahidi uko wapi. Ndivyo nilivyo. Chuo kikuu kilinipa digrii pamoja na ugonjwa wa kuuliza kwa nini. Mchungaji wetu akiona nimeinua mkono, anafunga ibada kwa maombi.

Kwa nini ninunue mpira mpya na huu wa zamani una nafasi tupu ndani yake? Nikasoma mtandaoni, nikaona watu wanajaza nafasi hizo kwa ile gundi nyeusi ya kubandikia kioo cha mbele. Ikikauka inakuwa ngumu, mkono hauchezi tena, gurudumu haliruki. Nikanunua gundi Kitui mjini, nikainua gari, nikaliegemeza vizuri, nikaingia chini.

Na ikafanya kazi! Gundi ilipokauka nilikipanda kile kilima moja kwa moja, bila mruko hata mmoja. Nilisimamisha gari juu, nikashuka, nikacheza peke yangu katikati ya barabara.

Ningeachia hapo, leo nisingekuwa nawaandikia. Lakini gundi ilibaki. Mtu mwenye akili angeitupa. Mimi nikaona maunti za injini, ile mipira ambayo injini inaikalia, nazo zina nafasi tupu. Nikazijaza zote mpaka pomoni.

Sasa, mipira hiyo iliwekwa pale ili imeze mtetemo. Ukiifanya migumu, mtetemo wote unaingia ndani: kwenye viti, kwenye usukani, kwenye meno. Nilifika kazini vidole vikiwa vimekufa ganzi, nikajiambia sasa ndiyo naihisi barabara vizuri. Mimi, ninayemdai mchungaji ushahidi, sikujiuliza swali hata moja!

Ikafika siku ya ntheo. Kwetu Ukambani, mwanamume asipoleta mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa msichana, huyo si mke wake, hata wakikaa pamoja mpaka wazeeke. Watu wa Mutinda wanatoka Mtito Andei. Walilala Kitui mjini, mbuzi wakanunuliwa soko la Tulia, na mimi nikamwachia Mutinda Probox yangu awabebe: mjomba wake, ambaye ndiye alikuwa msemaji, shangazi yake, na mbuzi nyuma. Sikumwambia lolote kuhusu gundi. Nilitaka ashangae mwenyewe kilimani.

Nilisimama getini na kina mama waliokuja kupokea wageni. Wao walikuwa wanamtazama bwana harusi. Mimi nilikuwa natazama magurudumu. Gari likavuka mchanga, likapanda kokoto bila shida yoyote, na nikapiga kigelegele kabla ya wakati wake.

Halafu milango ikafunguliwa.

Mjomba alishuka ameshika taya kwa mikono miwili. Shangazi alitembea kidogo, kisha akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kanisa. Beberu, yule wa kuchinjwa, alikataa kusimama. Na mjomba alipofungua mdomo kutoa hotuba aliyoiandaa, sauti ilitoka vipande vipande.

Mjue kwamba baba yangu alikuwa dereva wa malori barabara ya Mombasa mpaka alipostaafu. Hampimi mtu kwa masomo wala kwa kanisa. Anampima kwa jinsi anavyoendesha. Aliwazunguka wageni, akawatazama mbuzi, akamgeukia Mutinda.

"Kijana, hawa watu umewaleta au umewapura kama ndengu?"

Boma zima likacheka. Mutinda alijaribu kucheka pia. Kisha akanisogelea, akaninong'oneza, "Gari lina nini?"

Na mimi, jamani, nikasema, "Ni barabara tu."

Gundi ilikuwa ujinga. Hili lilikuwa uongo. Dakika chache kabla, Baba alikuwa amejisifu kwa majirani kwamba binti yake anajitengenezea gari mwenyewe. Aibu ilikuwa yangu, nikamtwika Mutinda.

Baba akatoa uamuzi. Wageni watakula na kunywa, lakini beberu hachinjwi. Mbuzi watafungwa nyuma ya nyumba mpaka yeye mwenyewe amwone huyu kijana akiendesha. Mtu asiyeweza kubeba mbuzi salama, alisema, hawezi kupewa binti. Na beberu asipoliwa, hakuna ntheo. Mjomba alirudi Mtito Andei kwa basi, na kituoni alipelekwa na bodaboda.

Basi Mutinda akawa anakuja kila Jumamosi kupimwa! Baba anakaa kiti cha mbele na kofia yake, mikono magotini. Mutinda anaendesha taratibu mpaka punda wanaobeba maji wanawapita. Wanarudi, Baba anashuka akijisugua kiuno, anatikisa kichwa, anaingia ndani. Beberu naye alizidi kunenepa. Mama alishampa jina.

Nilicheka siku hizo, nakubali. Nilijifungia jikoni nikacheka mpaka machozi. Mutinda ndiye aliyeacha kucheka. Alianza kutazama video za kufundisha watu kuendesha. Jioni moja aliniuliza kama labda anaachia klachi vibaya, yeye ambaye ameendesha tangu amalize shule. Nikamjibu, labda.

Labda! Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Mwishowe nikapata njia ya ujanja. Nitaendesha mimi, Baba akiwa pembeni, ajionee mwenyewe kwamba gari linatetemeka hata kwa mikono yangu. Ushahidi bila kukiri chochote. Tukaenda mpaka sokoni na kurudi. Baba aliteseka njia nzima, nami nikawa na furaha ya kijinga, nikijua sasa mambo yamekwisha.

Mutinda alikuwa anatungoja getini. Baba alishuka, akamtazama kwa huzuni ya kweli. Yeye huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Hata mwaitu umemwambukiza," akasema.

Mutinda akainamisha kichwa. "Nisamehe, mzee. Nitajirekebisha, na yeye nitamfundisha upya."

Kicheko chote kikaniisha. Nikasema ni gundi. Nikaeleza yote palepale getini: bushi, maunti, kigelegele, na ule uongo wangu wa barabara. Baba aliinama akachungulia chini ya gari, kisha akanyanyuka polepole. Hakuniuliza kuhusu gundi.

"Na huyu ulimsikia akiomba msamaha?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi mbuzi sasa unaleta wewe."

Kwetu aliyemkosea mtu mbele ya wazee hulipa mbuzi. Kwa hiyo mimi, msichana ninayeletewa ntheo, nilinunua mbuzi nikampeleka Mtito Andei kwa pikapu ya kukodi. Mjomba alimkagua mdomo, akamtembeza uani, akataka kujua tumekuja na gari gani. Ndipo akampokea. Kina shangazi walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna kati yao aliyewahi kuona bi harusi akilipa mbuzi kwa ajili ya bwana!

Beberu aliliwa Zombe wiki iliyofuata. Mama hakuonja. Bushi mpya na maunti mpya alizifunga Mutinda mwenyewe, na hakusema hata mara moja kwamba alinionya.

Lakini kuna kitu hakijarudi. Siku hizi nikimwambia jambo dogo tu, kwamba chai iko tayari, kwamba nimefunga mlango, anangoja kidogo kabla ya kuitikia. Ananiangalia. Kisha anasema sawa.

Vijana wenzangu, ulizeni maswali yenu, lakini mjiulize na ninyi. Mkitaka kujaribu gundi, jaribuni, na anayekabidhiwa funguo mwambieni mmefanya nini. Na siku mtakapomwona mtu mwingine anaomba msamaha kwa kosa lenu, fungueni mdomo kabla hajamaliza. Mimi nilimwacha Mutinda amalize.