Baba Alipofundishwa Kutembea kwa Kijapani

Mwaka ule nyumba yetu ya Al-Baghdadiyah, Jeddah, ilinuka mafuta ya habasoda tangu mlangoni. Mama alimkanda nayo baba asubuhi na jioni, mkono wa kulia na mguu wa kulia, mpaka mapazia na hata sare yangu ya skuli vikashika harufu ile. Baba alikuwa dereva wa nyumbani kwa kafili wake, yaani mdhamini wake, Abu Fahad, akiwapeleka watoto skuli na kuwarudisha. Wiki chache kabla ya Ramadhani alianguka pu bafuni, na alipoinuliwa nusu ya mwili wake ilikuwa imelala. Kiharusi, walisema hospitalini. Abu Fahad hakuwa mtu mbaya. Alituletea mchele na tende, akasema atangoja mpaka Idi. Baada ya hapo atakuja mwenyewe kumtazama, na kama hawezi kazi, hatamfanyia upya ikama, kibali cha kuishi nchini. Sote tuliishi kwa ikama ile moja. Baba alizaliwa Jeddah, wazazi wake wakiwa wamekimbia kutoka Unguja, na Unguja yenyewe hakuwahi kuiona. Huko ndiko ambako tungerudishwa, kana kwamba mtu anaweza kurudi mahali asipowahi kufika.

Kwanza mama alijaribu mwenyewe. Shika ndi, alimwambia, simama tuli. Baba alikasirika akageuza uso ukutani, kwa sababu hayo ndiyo maneno wanayoambiwa watoto wakibeba vikombe. Ndipo akashuka Mama Hana, jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mjapani aliyeolewa na Msudani. Kwao alikuwa akiwahudumia wazee. Kiarabu chake kilitosha kununulia mkate tu, lakini hakukihitaji. Aliweka taulo kwenye kiganja cha baba, akasema “gyuu” huku naye akijikaza mpaka mashavu yakamjaa, na vidole vya baba vikajikunja. Kuinuka kulikuwa “suu”, ndefu na laini. Kutembea kulikuwa “sorosoro”, mwendo wa mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Baba alipoyumba, Mama Hana alisema “furafura” akacheka, na baba, ambaye hakuwa amecheka tangu aanguke, akacheka pia. Mumewe alitueleza kwamba kwa Wajapani kila tendo la mwili lina sauti yake, na wazee hufundishwa hivyo, maana amri huzunguka kichwani kwanza lakini sauti huenda moja kwa moja mguuni. Mimi nadhani kulikuwa na jambo jingine. Kwa Kiswahili baba alihisi anaamrishwa na mkewe. Kwa Kijapani hakuna aliyewahi kumkaripia.

Ramadhani nzima nyumba yetu ilisema maneno yale. Mama aliyashika yote, nami nikayashika, na kila baada ya alasiri baba aliongeza hatua, kutoka kitandani hadi dirishani, kisha hadi mlangoni. Tuliomba, tukafunga, tukaomba tena. Hata hivyo mama alikuwa akilia jikoni na kusema ni vitunguu, siku ambazo tulikuwa tunapika tambi za sukari. Katika haraka ile hakuna aliyegundua kwamba baba hasogei mpaka asemeshwe.

Abu Fahad alikuja siku ya nne ya Idi. Baba alimpokea akiwa ameketi sebuleni, kanzu imepigwa pasi, na mimi na mama tukakaa nyuma ya pazia kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yetu akija mwanamume wa nje. Mgeni alikunywa kahawa, akaweka funguo za gari kwenye meza ya dirishani, kisha akamwomba baba kwa upole amletee. Baba alishika mkono wa kiti. Hakuinuka. Kupitia upenyo wa pazia niliona jasho likimshuka shingoni, na nikatamani dari ituangukie sote yaishe.

“Suu, baba Zuhura,” mama akasema kando yangu, akimwita kwa jina langu.

Baba akainuka. Mama akasema “sorosoro”, na baba akaenda; sauti ikikatika naye anasimama, ikiendelea naye anaendelea, mpaka mezani, “gyuu”, akazichukua funguo na kumpelekea mgeni. Mimi nilidhani tumeshinda. Abu Fahad alitazama pazia, kisha akaushika mkono wa baba, funguo zikiwa bado ndani yake, na macho yake yalikuwa mekundu.

“Ndugu yangu, gari haliendeshwi kutoka nyuma ya pazia,” alisema. “Halas, imekwisha.”

Wazazi wangu waliondoka kwenda Unguja kabla ya Hijja. Mimi nilibaki kwa shangazi yangu huko Al-Suwaidi, Riyadh, ambaye mumewe ni raia na alinishughulikia karatasi. Baba sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake, bila kusemeshwa na mtu. Alihitaji mwaka mmoja zaidi, nasi hatukupewa. Watu huniambia mambo yamebadilika, na ni kweli: nina ikama kwa jina langu, na gari naliendesha mwenyewe hadi dukani ninakouza manukato, Al-Sulimaniyah. Lakini kila ikama inapokaribia kwisha napanda ngazi mbele ya bosi bila kushika chuma, na nabeba maboksi ambayo hakuna aliyeniomba niyabebe. Wiki iliyopita niliamka na homa, nikaoga maji baridi, nikapaka wanja, nikaenda kazini. Hata mafua nayaficha.