Siku Balbu Yangu Ilipomsemesha Mama Mkwe

Kuna aibu za kujikwaa barabarani, unasimama, unajipangusa vumbi, unajifanya unatafuta kitu kilichodondoka, maisha yanaendelea. Yangu haikuwa ya namna hiyo. Mpaka leo nikipita mtaani kwetu Yombo kuna mama mmoja akiniona tu anajifunga khanga upya, tena anakaza fundo huku ananitazama usoni, na wala simlaumu, ningekuwa yeye ningehama kabisa.

Ishu yenyewe ilianza na balbu. Zile zenye kamera ndani, unaifunga kwenye holda kama balbu nyingine yoyote, halafu popote ulipo unafungua simu unaiona sebule yako, unasikia watu wanavyoongea, na ukibonyeza alama ya kipaza sauti unaongea wewe, sauti inatokea kule juu darini. Niliinunua baada ya jirani kuibiwa televisheni mchana kweupe, na ya kwetu ilikuwa mpya (kubwa kuliko sebule yenyewe, mke wangu Anitha anasemaga ili tuione vizuri tunatakiwa tukae nyumba ya pili). Kwa kuwa balbu ile swichi ikizimwa na yenyewe inalala, nikabandika selotepu kwenye swichi, basi ikawa inawaka usiku na mchana.

Sasa mama mkwe wangu akawa anakuja kutoka Masasi kutibiwa macho, mtoto wa jicho, na hospitali walishamwandikia dawa ya matone, macho yapone uvimbe kwanza ndipo afanyiwe upasuaji. Anitha akaniambia kitu kimoja tu: kabla mama hajafika, kile kidude kishuke. Nikamwambia sawa. Nikatafuta stuli, stuli iko kwa jirani, jirani hayupo, nikasema kesho. Kesho mama kafika. Anitha akiwa anamwaga mchele kwenye ungo akaniuliza umeitoa, nikajibu nimeitoa. Neno moja tu lile, wala sikulifikiria, nilijibu kama mtu anavyojibu nimeoga. Moyoni nikajiambia si vibaya, mama haoni vizuri, kamera itakuwa inamlinda.

Inabidi mumjue mama mkwe ndio muelewe ukubwa wa msiba. Ni mtu wa heshima zake. Mie nikiingia sebuleni yeye anatoka. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba baba huku anatazama ukuta. Meza moja hatujawahi kula, na mbele yangu sijawahi kumsikia akicheka, maana kwao mkwe ni mkwe, na hata kwetu ni hivyo hivyo.

Basi nikaenda zangu kazini Mikocheni. Niko stoo kwenye kiwanda cha rangi, meza moja na dada mmoja anaitwa Zuhura, na juu ya meza yetu kuna kamera ya bosi. (Ile kamera mie ndio niliyekuwaga naipigia kelele kuliko wote, nasema mtu huwezi hata kujikuna bila kuonwa, huu ni utumwa. Sikumbuki kama maneno yangu niliyasikia mwenyewe.) Siku hiyo bando langu lilikuwa limeisha, nikaomba kishikwambi cha ofisi, nikaifungua kamera yangu humo, nicheki nyumbani kuna usalama.

Nikamkuta mama mkwe kafunga mlango, kavuta pazia, kajifunga kitenge kiunoni, kaweka singeli, ule muziki wa vijana wa mbio mbio, kwenye televisheni yangu na anaicheza. Si kwamba alikuwa anatikisika kidogo. Alikuwa anaicheza yote, mikono, mabega, anainama, anainuka, uso mkavu kabisa kama mtu anayekagua shamba.

Hapo mtu mwenye akili anazima. Mie nikamwita Zuhura aje aone.

Ikawa ndio mchezo wetu. Mchana tukishaletewa chakula Zuhura anauliza leo mama yetu anafanya nini, tunafungua. Tulimwona akijaribu viatu vya Anitha. Tulimsikia akimpigia simu mdogo wake Masasi, akimwambia mkwe wao ni kijana mzuri ila anakoroma kama mashine ya kukoboa, na firigisi ya kuku anaipenda mpaka anaitafuta sufuriani kwa kijiko. Zuhura alicheka mpaka akalala juu ya ndoo za rangi. Mie nilinuna, eti mama ananisengenya, nimesahau kuwa aliyekuwa amejificha anasikiliza ni mie.

Halafu ikafika siku yenyewe. Tunafungua mapema, chakula bado hakijaja, tunamkuta mama kapanda kiti cha plastiki, kashika fagio, anatoa buibui juu ya televisheni, na kiti mguu mmoja umekaa pembeni ya mkeka, kinacheza. Na macho yake yale yasiyoona vizuri, anajinyoosha, kiti kinainama. Sikuwaza chochote. Nikabonyeza kipaza sauti nikasema, "Mama, shuka hapo, utaanguka."

Akaganda. Akashuka taratibu, akashika ukuta. Kumbe spika ya ile balbu ni ya bei rahisi, sauti yangu kule ilitoka nzito, ina mkwaruzo, kama ya mzee anayeongea ndani ya pipa. Mama akatazama darini, akatazama mlangoni, halafu akauliza kwa sauti ndogo sana.

"Baba Anitha? Ni wewe?"

Baba Anitha ni marehemu mkwe wangu. Tulishamzika muda mrefu.

Sasa niambieni mngesema nini. Ni mie mkweo Festo, niko Mikocheni nakuangalia? Nikaondoa kidole kwenye kipaza sauti. Zuhura kaziba mdomo kwa kitambaa anacheka chinichini, na mie, Mungu anisamehe, nusu yangu ilikuwa inacheka pia.

Ila mama akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaanza kuongea na mumewe. Akamwambia korosho zimechanua. Akamwambia mambo yao wawili ambayo hapa siyasemi wala popote sitayasema. Halafu akasema, "Dawa ya macho naimwaga uani, mume wangu. Anitha anadhani natia. Nikipona mapema watanipeleka kwenye kisu, na mie kisu nakiogopa, na yule mtoto ana mambo mengi, sitaki kumwambia mama yake ni mwoga."

Zuhura alinyooka kwenye kiti. Kitambaa kikashuka. Akaniambia, "Kaka Festo, zima," na hakuwa anacheka tena, na mie siioni hata alama ya kuzimia iko wapi.

Kabla sijaipata mama akainuka akatoka, mara karudi na Mama Jeni, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa mtaani kwetu, anamwonyesha darini. Mama Jeni naye akatoa simu. Nikajua wanaita watu. Nikamwambia Zuhura azime kile kishikwambi, akasema nenda, nikadandia bodaboda mpaka Yombo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, mama kuna jambo nataka nikueleze, hapana, mama teknolojia siku hizi, hapana, dereva mpaka akageuka akaniuliza braza unaongea na mie?

Nilipofika nikakuta kandambili mlangoni zimejaa mpaka barazani. Ndani wamama wa jumuiya wamebanana, wengine kwenye makochi, wengine chini, mshumaa umewashwa juu ya meza ya televisheni, na Anitha naye kaitwa kutoka dukani kwake Tandika, macho mekundu, maana kaambiwa baba yake kaongea. Mama mkwe akaniona. Na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake hakutazama ukuta. Alinitazama mie, anatabasamu, akaniambia, "Baba yenu amekuja. Hakutaka nianguke."

Yale maneno niliyoyapanga njiani yote yakayeyuka. Nani angeweza kumnyang'anya mama yule furaha ile mbele ya watu wote wale? Nikajiambia wakiondoka nitaifungua ile balbu kimyakimya, nitaitupa mtaroni, nitakufa na siri yangu. Nikapiga magoti nikafumba macho, tena nikayafumba kwa nguvu, anayeniona aamini.

Waliimba, wakaomba, Mama Jeni akaomba kwa kirefu (yule mama akianza maombi unaweza kuinjika maharage yakaiva). Halafu akasema sasa tunyamaze, tusikilize. Wote tukanyamaza. Kuku wa jirani unawasikia wakiparua nje.

Darini kukakwaruza. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke, ya taratibu, isiyo na wasiwasi wowote.

"Mie chipsi mayai. Mwambie asiweke kachumbari."

Mama mmoja pembeni akanong'ona jina la Yesu. Nikafumbua jicho moja nikaitazama balbu, naiomba kwa moyo wangu wote ife. Haikufa. Ikaendelea.

"Njoo umwone Festo, kapiga magoti. Hajawaambia. Mwone alivyofumba macho, muongo huyu."

(Baadaye Zuhura aliniapia kwamba alifungua mara moja tu, wakati mwenzetu wa stoo anakusanya oda za chakula, aone kama nimeshasema ukweli, akabonyeza kile kipaza sauti akidhani ni cha kuongeza sauti upande wake. Namwamini. Haisaidii kitu, lakini namwamini.)

Anitha ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliinuka, akavuta kiti kile kile, akapanda, akaifungua balbu na kitenge maana ilikuwa ya moto, akashuka nayo, akaigeuza. Kile kijicho cheusi kikawa kinatuangalia sote. Akasema polepole, "Uliniambia umeitoa."

Wamama wakaanza kukumbuka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyenitukana, walikuwa wanakumbuka tu, mmoja mmoja, na nilikuwa nauona uso wa kila mmoja unavyobadilika. Mmoja aliwahi kukaa kwenye kochi lile kumnyonyesha mwanawe. Mmoja, huyu wa khanga, alibadilisha nguo pale sebuleni siku tuliyokuwa na ugeni na chumba kimejaa. Mama Jeni mwenyewe nadhani alikumbuka aliyokuwa akimweleza Anitha kuhusu katekista, maana alizima mshumaa akatoka bila kufunga sala. Nikajaribu kueleza kwamba hairekodi, kwamba mie nilikuwa natazama mchana tu, na kila nilipoongeza neno ndivyo walivyozidi kutafuta kandambili zao.

Mama mkwe alikuwa bado kapiga magoti. Alisubiri watu waishe.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," akasema.

Nikasema hapana mama, nilikuwa mie.

"Na yale niliyomwambia. Umeyasikia?"

Ningeweza kudanganya, na kudanganya nilishakuonja kulivyo rahisi. Nikasema nimeyasikia.

"Na huyo wa chipsi?"

"Naye."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeonyeshwa bei akaona inamzidi. Akaingia chumbani. Jioni ile ile akahamia Kigamboni kwa mdogo wake Anitha, na mke wangu alimsindikiza, akakaa huko siku kadhaa bila kupokea simu zangu.

Mshenga wangu, aliyenipeleka kuposa, alisema hajawahi kusikia kosa la namna hii hivyo hajui hata nibebe nini kwenda kuomba radhi. Nikaenda na kuku. Mama alinipokea barazani, akaniambia kwanza simu niikabidhi ndani, ikafungiwa kabatini, ndipo akakaa. Nikaomba radhi kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Alinisikiliza huku anatazama ukuta, kama zamani, na sijui niwaelezeje, ila ule ukuta niliufurahia.

Akasema kucheza singeli haoni aibu, angejua nataka kuona angekataa tu, yakaisha. Kusema nakoroma ni kweli. Kilichomuuma ni kimoja: kwamba hofu yake alikuwa anaiandaa aje kumwambia Anitha mwenyewe, siku yake, kwa maneno yake, na mie nimeisikia kabla haijawa tayari.

"Hata mwenye kuja kuomba chumvi anapiga hodi," akasema. "Wewe hukupiga."

Nikamwambia la dawa sijamwambia Anitha. Akasema nisimwambie. Alimwambia mwenyewe, wiki nyingine, wakiwa wawili, na waliyoongea siyajui, nikamkatalia hata Anitha alipotaka kunisimulia. Jicho moja limeshafanyiwa. Anasema sasa ananiona vizuri, na kwamba nimekonda.

Mtaani wananiita Balbu. Kazini nilibadilishwa meza (niliomba mwenyewe). Na nyumbani, kama Anitha yuko ndani na mlango umefungwa, mie baba wa nyumba, mlipa kodi, nasimama nje na ufunguo mfukoni naita hodi mpaka niitikiwe, na nikisikia mtu ndani anaimba nasubiri amalize ubeti wake. Majirani wanacheka. Waache wacheke, jua nimelizoea, na sebule ya mtu sitaiingia tena bila kukaribishwa.